Maiki Mbovu ya Baba Mkubwa

Leo nimeumbuka. Kanisani, mbele ya ukoo mzima!

Binamu yangu Atieno alikuwa anaolewa hapa Kaloleni, na mimi nikajitolea kutengeneza programu ya harusi. (Mimi ni mtu wa kompyuta. Kujitolea ni ugonjwa wetu.) Niliandika faili moja ya XML ili nitoe nakala mbili: ya MC, yenye madokezo yangu, na ya wageni, isiyo na madokezo. Kila dokezo nililifunga ndani ya elementi yake, <dokezo>. Kwenye stylesheet ya wageni, faili ya kanuni za nini kitoke na vipi, sikuitaja elementi hiyo hata kidogo. Nilijua nisipoitaja, haitatoka.

Wapi! Stylesheet ikikutana na elementi isiyo na kanuni, inatupa tagi tu, yale mabano yenye jina. Maneno yaliyo ndani inayamwaga yote. Asubuhi niliangalia ukurasa wa kwanza, ukawa safi, nikachapisha nakala za kanisa zima.

Ibada ikaenda vizuri mpaka zamu ya Baba Mkubwa, kaka ya baba yangu. Akashika maiki. Ikakatika. Akaigonga. Ikakatika tena.

"Hii maiki iko na shida gani?"

Akavaa miwani, akafungua programu, akasoma kwa sauti: "Neno la familia, Baba Mkubwa. Mpeni ile maiki mbovu, huwa hamalizi."

Halafu kanisa lote likafungua ukurasa wa pili. Karatasi zilivyolia! (Shangazi naye alijikuta hapo: "Asikae karibu na keki.")

"Nani ameandika hii?" Baba Mkubwa akauliza.

Jina langu lilikuwa nyuma, kwa herufi nzito. (Nilitaka sifa.)

Mlango ulikuwa karibu. Lakini nikajiambia, Akinyi, leo hutoroki. Nikasimama, nikachukua maiki nzuri kwa MC, nikampelekea Baba Mkubwa mimi mwenyewe.

"Ni mimi, Baba. Nisamehe."

Akaniangalia. "Nyathina, mtoto wangu, hii haikatiki?"

"Haikatiki, Baba."

"Basi kaa chini usikie."

Aliongea mpaka wali ukapoa. Nikasikiliza neno kwa neno.

Baadaye nikafungua laptop nyuma ya hema la sherehe. Sikuwa tayari kwenda nyumbani nimeshindwa na tagi. Nikaongeza kanuni tupu, ya kutotoa chochote: <xsl:template match="dokezo"/>. Mstari mmoja! Madokezo yote yakatoweka.

Sasa Baba Mkubwa ameomba kuongezwa kwa hii grupu ninayowaandikia. Tafadhali, wa kucheka acheke sasa hivi, kabla sijamwongeza.