Utafungua Ukifaulu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Wateja wawili tangu asubuhi, na mmoja alikuja kuuliza njia tu. Kibandani kwangu hapa Msasani, pembeni mwa mji wa Tukuyu, nasajili laini na kuuza vocha. Jirani wa kulia anafanya hivyo hivyo. Wa kushoto pia. Mke wangu Prisca amesema mgomba ukipandwa humu ndani utazaa haraka kuliko mimi. Wake za watu wanasema pole na kazi.

Lakini leo! Nilikuwa natazama video kwenye simu. Mzungu mmoja amevaa glavu nyeupe, ameshika boksi kwa mikono miwili, analia. Boksi jekundu. Juu yake bata amevaa kofia ya chuma, amepanda kobe. Nikasimama mpaka kiti kikaanguka. Boksi lile nalijua! Liko Lupepo nyumbani kwa Baba, kwenye kabati la vyombo, tangu mwaka 1996.

Ni langu. Sijawahi kuligusa.

Naandika maelezo, ili nikifa tajiri watu wajue ilivyoanza. Mgeni wa kanisa kutoka Ujerumani alimtumia Baba zawadi ya mwanawe mkubwa: gemu ya mkononi, ya betri, ndani ya boksi lililofungwa nailoni kiwandani. Baba ni Mwalimu Anania, wakati huo mwalimu mkuu wa shule niliyosoma. Aliliweka kabatini, akafunga kwa ufunguo, akaniambia, "Utafungua ukifaulu." Darasa la saba. Nikafeli. Nikarudia shule nyingine. Nikafeli tena. Jina langu Nsajigwa, maana yake aliyebarikiwa. Bado nangoja.

Jumanne, 10 Juni

Nimewasiliana na Mholanzi anayekusanya gemu za zamani. Simu inatafsiri. Mtu mwenye maswali kama polisi.

Mimi nilidhani gemu ghali ni gemu nzuri. Ujinga! Gemu nzuri zilinunuliwa na kila mtu, zimezagaa kama kandambili. Hii ya Bata ilikuwa mbovu. Kobe haendi. Bata anakufa bila sababu. Watoto wa Ulaya waliikataa, kampuni ikafilisika kabla ya Krismasi, maboksi yaliyobaki yakasagwa. Yaliyopona ni ya kuhesabu, na karibu yote yameshafunguliwa. Ndiyo maana yule mzungu alikuwa analia.

Sasa anauliza. Nailoni haijachanika? Pembe hazijabonyea? Rangi haijapauka kwa jua? Halinuki moshi? Na kwa nini halikufunguliwa? Hilo la mwisho analitaka kwa maandishi, na saini ya mwenye boksi. Anasema wenzake hununua boksi pamoja na historia yake.

Kama liko salama, bei yake ni bajaji mpya, na chenji inaezeka nyumba. Likifunguliwa, labda kuku wawili.

Nimekaa nikafikiri. Ningefaulu, ningelifungua siku ile ile na kulivunja ndani ya wiki. Kwa hiyo bajaji yote hii imetokana na kufeli kwangu! Miaka ishirini na minane ukoo unanicheka, kumbe nilikuwa nawekeza.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango wa kwanza. Nimetengeneza boksi la bandia kwa katoni ya biskuti, nikalipaka rangi nyekundu, nikalivika nailoni. Bata nilimchora mwenyewe. Prisca alipita akaniuliza kwa nini nachora kuku mgonjwa.

Nimefika Lupepo saa nne, boksi ndani ya koti. Nilipanga Baba akitoka kwenda kwenye migomba nibadilishe. Kumbe ufunguo wa kabati ameufunga kwa pini ndani ya koti lake, upande wa moyo. Na haendi kwenye migomba siku hizi, kifua kinambana. Amekaa sebuleni mchana kutwa akinitazama. Akaniuliza mbona nimenenepa upande mmoja. Nikasema ni baridi.

Nimeliona lakini, kupitia kioo. Pembe safi. Rangi kali. Ameweka kipande cha mkaa pembeni kunyonya unyevu. Amesema hulifuta vumbi kila mwezi. Mzee hajui anachokilinda.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamua kuomba kama mtu mzima. Nimempelekea sukari na majani ya chai, nikapiga magoti, nikasema nina miaka arobaini na miwili, sasa anipe gemu yangu. Baba amesema ahadi ni ahadi. Mtihani uko pale pale, na hauna umri.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Atautunga mwenyewe. Maswali ishirini ya hesabu. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, mezani kwake. Nije na kalamu mbili.

Jioni mdogo wangu Hosea amenipigia kunipongeza kwa kurudi shule. Hosea anafundisha hesabu sekondari, amejenga Bulyaga, ana vigae sebuleni. Kwenye kila sherehe ya ukoo yeye ndiye anayeombwa kusali. Amecheka mpaka akakohoa. Nilimwombea kikohozi kiendelee.

Jumatano, 18 Juni

Nasoma. Nimeazima kitabu cha hesabu cha binti yangu Lightness, yuko darasa la saba. Ukurasa wa tatu nimelala. Lightness amejaribu kunieleza sehemu kwa kukata chapati. Nikala mfano. Amenitazama kwa huruma, kitu ambacho mtoto hapaswi kumfanyia baba yake.

Kuna swali la mabomba mawili yanayojaza tangi. Mimi nasema inategemea siku hiyo maji yametoka au hayajatoka. Lightness anasema hapana, jibu ni saa mbili. Elimu yetu imejitenga na maisha.

Mpango mpya umeniingia saa kumi jioni. Mzuri kiasi kwamba nimefunga kibanda.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemaliza! Kichwa hiki kingezaliwa Ulaya kingekuwa waziri.

Baba alifuta meza, akaweka saa ya kengele, akavaa tai. Tai! Ya siku aliyostaafu. Alinipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mistari imenyooka. Akakaa nyuma yangu kama msimamizi. Bahati nzuri macho yake hayaoni mbali, na saa tatu na nusu akaanza kusinzia.

Simu mapajani. Nikapiga picha ya karatasi, nikamtumia Hosea. Nikaandika kwamba mtoto wa jirani yangu ameshindwa maswali haya, na mwalimu wake ameapa kuwa hata walimu wa sekondari hawayawezi. Hosea namjua. Haikupita robo saa. Yote ishirini! Na njia, na michoro, na maelezo chini ya maelezo. Mtu akijisifu hachoki.

Nimenakili kila kitu alichoandika, neno kwa neno, hata nukta. Mkono umevimba. Baba alipoamka nilikuwa nimeegemea kiti, napiga miayo kama mtu aliyeona mtihani rahisi.

Jumapili, 22 Juni

Ishirini kwa ishirini.

Baba amepiga mwenyewe, na yeye huwa hapigi, hubipu. Amesema amesahihisha mara mbili. Amesema asante sana kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo." Kisha kimya, nikadhani salio limeisha. Kumbe alikuwa analia.

Nimemwandikia Mholanzi aandae hela.

Baba ametaka nisubiri mpaka Jumamosi, kuna kashughuli kadogo. Nimekubali. Mtu aliyesubiri miaka ishirini na minane atashindwa siku sita?

Jumamosi, 28 Juni

Kashughuli kadogo! Nimefika nimekuta turubai. Wazee wa kanisa mstari mzima. Walimu wastaafu watatu. Akina mama wanamenya ndizi, mbuzi ameshachinjwa. Prisca na Lightness wamevaa nguo za Krismasi. Hosea mbele kabisa, na Biblia. Nikajua nitakabidhiwa boksi hadharani. Nikasema sawa, mashahidi wa historia, Mholanzi atafurahi.

Baba akasimama kwa shida. Akasema amefundisha miaka thelathini na nane, amefaulisha watoto wa watu mpaka wengine ni madaktari, na kila aliposifiwa aliona aibu, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na mtoto aliyemfungia kitu kabatini. Akasema hakujua namna ya kulifungua kabati lile bila kuivunja ahadi. Akasema leo ndiyo siku anayostaafu kweli. Akina mama wakapiga vigelegele. Prisca alinishika mkono, hajanishika mkono hadharani tangu harusi.

Kisha Baba akachomoa ufunguo kifuani. Akatoa boksi. Akaliweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma.

Akatoa wembe.

Nikapiga kelele. Nikasema usifungue, Baba, usifungue! Nikamshika mkono. Watu wakaguna kwa huruma, mzee mmoja wa kanisa akasema tazameni unyenyekevu, anajiona hastahili. Wakanishika mabega, wakanikalisha, wakanipepea. Baba akasema safari hii nimestahili. Akapitisha wembe.

Sauti ya nailoni kuchanika. Fupi tu. Bajaji ikaondoka na bati zake zote.

Wakanipa gemu mkononi. Betri walishanunua. Bata akatokea, akapanda kobe, akafa. Wote wakapiga makofi. Baba akaomba ajaribu na yeye, bata akafa, Baba akacheka. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka vile. Nailoni waliitupa jikoni ikaungua na maganda ya ndizi.

Sikula mbuzi. Nilikula kidogo.

Jumatatu, 30 Juni

Mholanzi ametuma picha ya uso unaolia. Kuku wawili, kasoro mmoja, kwa sababu Baba aliandika jina langu kwenye boksi kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, na tarehe.

Hosea amekuja kibandani. Hakukaa. Akaweka mezani karatasi yangu ya mtihani. Swali la saba, la mabomba. Chini ya jibu, kwa mwandiko wangu: "Mwambie huyo mtoto aache uvivu, mtihani ni Septemba." Pembeni yake, kwa wino mwekundu, tiki ya Baba.

Kumbe Hosea ameandika hivyo. Kumbe na mimi nimenakili hivyo.

Hosea amesema Baba alijua tangu Jumamosi ile ile. Alimwita, akamwonyesha, akamkataza kusema. Alimwambia ana miaka sabini na tisa na kifua kibovu, na hataki kufa akiacha kabati lililofungwa kwa sababu ya mtoto wake. Kisha Hosea akageukia vocha ukutani. Akasema yeye alifaulu kila mtihani aliopewa, na hakuna kitu chochote ambacho Baba aliwahi kumtunzia. Macho yalikuwa mekundu. Akaondoka bila kuaga.

Wivu huo. Na Baba nimemwelewa sasa. Mzee alijua nimenakili, na bado akafungua! Aliitamani mwenyewe ile gemu tangu 1996. Ndiyo maana hakutaka niondoke nayo, imebaki kwake. Jana amempigia Prisca akisema amefika hatua ya tatu, na nije tucheze wote, anaona aibu kucheza peke yake.

Sikwenda. Nina majonzi ya kibiashara.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeamka mtu mpya. Kosa halikuwa kwenye wazo. Kosa lilikuwa kufaulu. Laiti ningebaki na akili yangu ya kawaida, lile boksi lingekuwa zima mpaka leo.

Nimekwenda mjini Tukuyu, nikamwambia mwenye duka la vifaa vya umeme anipe gemu mbovu kuliko zote alizonazo. Alidhani namtania. Nilipomsisitiza akatoa moja kutoka chini kabisa, ya Kichina, akaniomba nisije kuirudisha. Nailoni safi, pembe kali. Nimeifungia kabatini kwetu.

Jioni nimemwita Lightness, nikamwonyesha kupitia kioo. Nikamwambia Septemba mtihani, na atafungua akifaulu. Baada ya miaka thelathini atanishukuru.

Lakini huyu mtoto! Badala ya kwenda kulala amerukaruka, akaenda moja kwa moja kufungua daftari. Prisca anasema kwenye jaribio la mwisho alikuwa wa tatu darasani. Wa tatu! Hakuna aliyeniambia. Na Baba amepiga, anataka amfundishe hesabu kila Jumamosi, bure. Nimemwambia apumzishe kifua chake.

Saa moja hii Lightness anahangaika, kitabu chake cha hesabu hakionekani. Amepekua mkoba, amepekua jikoni, ameinua mpaka godoro. Hakufikiria kutazama juu ya dari. Machozi yamemlengalenga. Mzazi ni mzazi, nimeweka kalamu chini mara mbili, nikamsaidia kutafuta.