Malkia Aenda Harusini Makere

Jumatatu, 11 Novemba
Alhamdulillahi, nina magari mawili. Malkia: mwekundu, milango miwili, taa zinazochomoza zikiwashwa, tumbo kiganja kimoja kutoka ardhini. Na Probox. Probox inabeba maharage ya duka, watoto, mkaa na mama mkwe. Malkia ananibeba mimi. Leo mke wangu Asmahani ametamka: uani patajengwa stoo ya maharage, gari moja liondoke ndani ya wiki. Khatibu, mshindani wangu wa duka la ng'ambo ya barabara, yuko tayari kununua lolote. Khatibu! Nimemlilia mke wangu. Amekubali Malkia apewe kazi moja ya maana kwanza. Mke mwenye huruma, nashukuru.

Jumatano, 13 Novemba
Kazi imepatikana! Mzee Tharsisi, anayetuuzia maharage kule Makere, anamwoza binti yake Deborah Jumamosi. Khatibu alishaahidi gari lake kumtoa bibi harusi saluni hapa Kasulu mpaka kanisani. Nimempigia mzee na kumtonya kwamba gari la Khatibu linanuka samaki, migebuka ya ziwani. Ni kweli kidogo. Nikamtoa Malkia badala yake. Mzee akauliza mara mbili kama naijua njia ya kanisani. Naijua sana! Huwa napita na Probox.

Jumamosi, 16 Novemba
Mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Kwenye lami Malkia aliunguruma, watu wakapunga mikono, nikatokwa na chozi. Kisha tukaiacha lami. Hatua mia mbili tu, tumbo likakaa kwenye udongo, magurudumu yakazunguka bure. Ibada saa nne, na saa tatu na nusu imeshapita. Deborah, na shela lake, akaniuliza kwa upole kama zile taa zingesaidia. Nikazichomoza. Wapi!

Wakaja watu wa ingobyi, wale wanaobeba wagonjwa kwa machela mpaka zahanati, kila nyumba kwa zamu yake. Kiongozi wao, Mzee Nduwayezu, akazunguka gari, akasema zamani hata bibi harusi alibebwa kwa ingobyi, kwa hiyo abebwe. Wanaume ishirini, miti minne chini ya tumbo. Wakamwinua Malkia na Deborah ndani! Na mimi ndani, nimeshika usukani. Kwenye kona nilipiga honi. Vigelegele vilivyotupokea kanisani sitavisahau. Nikataka kuwapa chochote. Nduwayezu akakataa katakata: ingobyi hailipwi, aliyebebwa naye hubeba. Nimeandikishwa kwenye zamu. Sijawahi kupewa heshima kama hii, na nimewaambia hivyo huku nalia.

Jumapili, 17 Novemba
Zamu yangu imefika haraka hivi! Mama mjamzito, uchungu umemshika, zahanati mbali. Mabega yangu nayajua, nikaenda na Probox. Asmahani alikuja nami. Tukamlaza nyuma juu ya magunia matupu, na Probox ikapita matope yaleyale bila hata kukohoa. Mtoto wa kike, salama, na mama yake salama. Mungu mkubwa. Nimeipigapiga Probox ubavuni na kuishukuru kwa sauti, mbele ya manesi. Asmahani akanishika mkono, akasema sasa bila shaka moyo wangu umeshajua gari la kubaki. Nikamwambia ego, ndiyo, umejua.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimeuza Probox. Nimeisomea dua, nimeikumbatia, Khatibu akaondoka nayo akicheka mpaka jino la mwisho. Lakini mwenye shukrani angefanyaje? Malkia amebebwa na wanaume ishirini. Kumuuza kungekuwa kuwatukana.

Asmahani alikaa kizingitini, akajifunika uso kwa kanga. Nadhani ni furaha. Kisha akauliza magunia sita ya maharage ya Alhamisi yatatokaje Makere. Swali zuri, na nilishalifikiria. Nimempigia Mzee Nduwayezu kwamba Malkia anakuja tena, waandae miti. Amefurahi sana, akauliza safari hii anaolewa nani. Nimemwambia ni maharage. Simu ikakatika. Mtandao wa Makere, jamani! Nitampigia tena kesho.