Kioo Changu na Kioo cha Wanyoike

Jumatatu, 4 Februari 1957
Bwana Pelham, Mzungu wetu wa nyota, ametangaza: wiki hii mmoja wetu atakuwa nyapara wa vioo. Mimi au Wanyoike. Mimi, bila shaka! Vioo ni viwili, vya taa kubwa za jeshi, kila kimoja juu ya kitoroli chake cha reli. Mimi nageuza cha magharibi, yeye cha mashariki, tunaifuata nyota moja nyeupe. Bwana anataka kujua upana wake. Anasema ni kama kusimama hapa Bahati na kupima senti iliyolazwa Mombasa. Wazungu!

Jumatano, 6 Februari
Bwana amekisifu kioo cha Wanyoike mara mbili. Changu hakukitazama hata. Asubuhi Wanyoike alipokwenda mtoni, nilikipaka kioo chake mafuta ya kondoo. Kidogo tu. Vumbi la Bahati litamaliza kazi. Nataka akemewe, basi.

Ijumaa, 8 Februari
Balaa. Mashine ya Bwana, inayopokea mwanga wa vioo, haikupata kitu. Hata kwangu! Nilidhani changu kitang'aa peke yake. Bwana akatueleza upya, polepole, kama mwalimu wa Sunday School: mashine haiulizi nani ameleta mwanga mwingi. Inaangalia kama mwanga wa vioo vyote viwili unatetemeka pamoja. Kimoja kikipofuka, cha pili ni sufuria tu. Miezi minne nashindana na mwenzangu, kumbe sisi ni ng'ombe wawili wa plau moja.

Wanyoike akaninong'oneza kwamba labda kioo kichafu ni changu, tukisafishe kabla Bwana hajajua. Tulisugua kioo changu saa nzima. Aibu niliyoona, siwezi kuiandika.

Jumamosi, 9 Februari
Bwana amepitisha kidole kwenye kioo cha mashariki. Saa nne Wanyoike amefutwa kazi. Sikuikumbuka pasibuku, kile kitabu chao cha ruhusa! Mkikuyu asiye na kazi haruhusiwi kukaa huku kwenye mashamba ya Wazungu. Lori la Jumatatu litawarudisha rizavu ya Wakikuyu, yeye, mkewe Wangeci na watoto, na mahindi yao hata hayajapukuchuliwa.

Nilikwenda kwa Bwana kukiri. Naapa nilikwenda. Kofia mkononi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia kwamba nyapara ni mimi.

Nikasema, "Asante, Bwana."

Jumatatu, 11 Februari
Wameondoka. Wangeci alikalia gunia la mahindi, hakutazama nyuma. Wanyoike alinipa mkono kabla ya kupanda.

"Kipkemei, nitunzie kile kioo," alisema. "Mimi hata sijui nilikosea wapi."

Nililia nyuma ya stoo. Nimeandika barua ya kukiri, kurasa mbili. Iko chini ya godoro. Bahasha hazipatikani dukani.

Jumatano, 20 Februari
Kioo cha mashariki sasa kina mtu mpya, Achola. Mtu mwema, mpole. Amenigawia viazi vyake. Nimeapa mbele ya Mungu kwamba huyu nitamtunza kama ndugu yangu, maana dhambi niliyomtendea Wanyoike bado haijaniacha.

Leo Bwana amesema mkono wa Achola umetulia kuliko yote aliyowahi kuona. Yote! Na wa nyapara?

Bwana huchukia mtu anayepiga mluzi kazini kuliko anavyochukia mawingu. Nimemwambia Achola kwamba Bwana anapenda sana mluzi, hasa wa nyimbo ndefu.