Bata wa Kumwamsha Baba Kifungo

Jumatatu, 4 Machi

Sasa hivi mwanangu Kifungo kammwagia baba yake kopo zima la vifungo mgongoni. Kimoja kimoja kwanza, halafu vyote kwa mpigo. Akasubiri. Zamani ungesikia ngurumo ya simba wa uongo, mtoto anakimbizwa mpaka chini ya meza ya kukatia nguo. Leo baba hakugeuka hata shingo. Mtoto akaanza kuokota vifungo vyake polepole, kama mtu mzima. Moyo wangu!

Naandika ili nisilie. Shule niliiacha mapema lakini kalamu hainikatai.

Nesi wa kliniki alisema huyu fundi cherehani wangu ana sonona, ile huzuni nzito inayomlaza mtu. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, si uvivu. Vidonge anameza. Vinachukua muda, nisimkimbize. Akaongeza kwamba akipata kitu kidogo cha kutunza, hata mnyama, huenda kikamsaidia kuinuka asubuhi. Huenda, alisema. Mimi nilisikia mnyama tu!

Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, haamini. Alikuja kwa siku mbili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hata ufagio sijathubutu kumpa. Tiba yake ni kusimama mlangoni na kuuliza mwanamume gani hulala jua likiwa utosini. Anauliza kila siku. Mgonjwa anajifunika shuka. Haya, wifi. Wewe na mdomo wako, mimi na mnyama wangu. Tutaona!

Jumanne, 5 Machi

Paka! Nimemwazima kwa fundi viatu. Mnene, mweupe, mpole. Nikamweka miguuni kwa Baba Kifungo. Akanusa, akajizungusha, akalala. Nikashangilia kimoyomoyo. Adhuhuri, paka kalala. Baba kalala. Jua likazama, wamelala! Nilikuwa na mmoja kitandani, sasa ninao wawili.

Wifi alicheka mpaka akakalia vitambaa vya wateja. Akauliza kama kesho naleta kobe.

Nimemrudisha paka. Fundi viatu akasema huyo hata kwake ni kulala tu, panya wanampita juu. Si angeniambia mapema!

(Kobe nilimfikiria. Kidogo tu.)

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Nimepata!

Mama Bata, jirani anayefuga mabata kando ya bomba la maji, kanipa siri. Kifaranga wa bata akitoka kwenye yai, anayemwona kwanza ndiye mama yake. Humfuata mpaka chooni. Hapo akili yangu ikapata moto kama pasi ya mkaa. Basi atakayeonwa kwanza ni Baba Kifungo! Kiumbe kinamlilia, kinamfuata, atalalaje?

Nikaomba yai lililoanza kutoboka. Mama Bata akanishauri nisubiri mengine yaanguliwe nichukue wawili, maana bata mmoja peke yake hupata taabu. Nisubiri! Mimi! Nimelibeba yai kifuani, hatua moja moja, kama nimebeba mfalme.

Nimeliweka kwenye kikapu cha vipande vya nguo, karibu na mto wake, balbu ikilipasha joto. Nikamwomba afumbue macho tu. Akasema amechoka, Mama Kifungo, amechoka sana. Kwa upole. Hapo ndipo ninapokatika maini, kwamba ndani ya kuchoka kote kule bado ana upole na mimi. Nikamwambia si kazi, ni kutazama tu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa!

Asubuhi yai linatikisika. Baba Kifungo macho wazi! Kageukia kikapu! Kifungo kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikakimbilia jikoni kutoa uji motoni. Nilikawia? Sikukawia. Nasikia ukelele. Wifi alikuwa amepita, kaona kikapu, kadhani nimeficha mkate, kaingiza kichwa. Kichwa kizima! Na ndani mle macho mawili madogo yakamtazama kwa mapenzi yote ya dunia.

Wifi anaogopa kila chenye mabawa. Alasiri bata alipokauka na kupata miguu, akashuka na kumwendea moja kwa moja. Akihamia kiti kile, bata yupo. Akienda jikoni, bata nyuma. Mwisho kapanda juu ya meza ya kukatia, kashika mkasi, kanitolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, anauliza nimemroga au vipi.

Na kutoka kitandani ikatoka sauti. Pfff. Mimi na Kifungo tukatazamana. Kacheka! Wifi anasema amekohoa. Kacheka!

Jumapili, 10 Machi

Leo wifi kamkimbia mwanawe tangu asubuhi, kaenda kushinda kwa rafiki yake. Bata akalia. Kilio cha kutoboa masikio. Nikamkumbatia, analia. Nikamwimbia, ndiyo kwanza akazidisha. Kifungo akampa uji wake, akamwaga.

Baba Kifungo akajifunika mto. Halafu akaketi. Halafu akasema, huyu hana njaa, anaogopa. Alisema kama mtu anayejua njia ya huko.

Akakichukua kikapu, akakiweka chini ya cherehani, akakaa, akaanza kukanyaga. Bila uzi. Bila kitambaa. Cherehani tupu inatembea, tikitikitiki. Bata kimya! Akiacha, kilio. Akikanyaga, kimya. Mwisho kiumbe kikapanda juu ya mguu wake kikasinzia, na yeye anakanyaga kwa mguu mmoja asikiamshe.

Mimi nyuma ya pazia, naling'ata pazia. Nilijizuia. Hapana, sikujizuia. Niliingia mbio na suruali ya mteja, nikaiweka mbele yake, nikamwambia kwa kuwa umeshakaa, mume wangu, malizia na hii!

Akaitazama suruali. Muda mrefu. Akamtoa bata mguuni taratibu, akarudi kitandani, akageukia ukuta.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuinuka. Hakula. Nimelilia jikoni juu ya vitunguu ili Kifungo asiulize. Yote mimi, na suruali yangu.

Bata naye analia. Nikamwona wifi anaingia chumbani, nikasema basi, leo atamkanyaga. Kumbe! Kafumba macho, kajikaza, kainama, kamwokota. Kambeba viganjani kama anabeba kaa la moto. Akakaa sakafuni kando ya kitanda cha mdogo wake na hakuuliza swali lake.

Baadaye jikoni akanipokonya kisu, akakata vitunguu yeye. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu utotoni huyu mdogo wake ndiye aliyekuwa akimchekesha yeye. Kwamba anapiga kelele kwa sababu akinyamaza anaogopa. Nikamwambia hata mimi, wifi. Tukalia wote. Vitunguu vingi!

Jumatano, 13 Machi

Ameinuka! Mwenyewe! Bata alilia, nikajifunga miguu kwa akili zangu zote nisiende. Akaja kwa miguu yake, akakaa, akakanyaga.

Halafu nadhani fundi aliona aibu kukanyaga bure. Akatia uzi. Suruali hakuigusa. Akaokota vipande vya kikapuni, akaviunganisha, akamshonea bata kigodoro. Kigodoro! Chenye pembe nne safi! Kifungo akauliza bata anaitwa nani. Baba yake akafikiri, akasema Pindo, kwa sababu anatembea upande kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi.

Akanywa uji mezani. Nusu kikombe. Halafu akarudi kulala. Sawa! Alale! Nusu kikombe!

Ijumaa, 15 Machi

Kliniki. Tulikwenda wote, na Pindo ndani ya kapu, wifi ndiye kambeba, anasema eti mkono umezoea. Nesi alifurahi. Akatueleza taratibu: ni vidonge, ni muda, ni watu wa nyumbani, na huyu bata naye ana sehemu yake. Siku mbaya zitarudi, zisitutishe. Dozi asiache. Na wewe mama, akanigeukia, usimwongezee mzigo, kidogo kidogo. Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma. Nimeelewa kabisa.

Sasa nimekaa nikapiga hesabu yangu. Kama bata mmoja kafanya haya, je, kumi? Mama Bata ana kiota kizima cha mayai yanayotaka kuanguliwa, nimeshamwambia asimpe mtu. Mayai nitayapanga chini ya kitanda cha wifi, kuna joto zuri, na yeye si lazima ajue leo. Nitafute na jogoo wa kuwaamsha wote alfajiri. Na ile suruali nitamfunika nayo Pindo, kama kwa bahati mbaya, ili fundi akitaka kumtoa aishike kidogo, akiishika ataona mshono ulioachia, akiuona atauhurumia, na mwisho wa mwezi huu huyu mtu kapona kabi

Kaniita! Yeye! Kwa sauti, kutoka kwenye cherehani, eti Mama Kifungo njoo unishikie ncha ya kitambaa. Nakuja, baba, nakuja, ngoja kwanza niandike hapa kwamba mayai ni ku