Dira Juu ya Tairi la Akiba

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, nikiwa nimevaa suti yangu ya mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni.

Mnajua nafundisha fizikia hapa Tabora. Mnajua pia nina digrii (nimewaambia mara nyingi kuliko mlivyouliza). Basi asubuhi Katibu wa kata amekuja shuleni na Landrova. Kijiji kipya cha ujamaa, kwenye njia ya Ulyankulu, kinahitaji barabara kuu. Nyumba zipangwe pande zote mbili, kwa mstari. Na mstari uelekee kaskazini kamili.

"Kwa nini kaskazini?" nimeuliza.

"Maelekezo," amesema.

Njia ya misafara ya zamani inapita karibu na hapo, imepindapinda kama utumbo, na bado watu walifika nayo Ujiji. Nilitaka kumwambia. Badala yake nilichukua dira ya maabara nikapanda gari. Mbele!

Tumefika. Watu wamejaa. Nimetafuta mahali pa kuweka dira. Chini vumbi, na suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi. Landrova ilikuwa imeegeshwa pale pale mstari unapoanzia, tairi la akiba limefungwa juu ya boneti, tambarare kama meza. Nikaweka dira juu yake.

Juu ya chuma, jamani. Juu ya injini.

(Kidato cha tatu wamefeli mtihani kwa kosa dogo kuliko hilo. Niliwafelisha mimi.)

Mshale ukatulia. Nikanyoosha mkono kama nabii: "Kule!" Vijana wa mgambo wakakimbia na kamba ya katani, wakapigilia vigingi. Kamba ikaenda, ikaenda, ikaingia katikati ya nyumba ya Bibi Kalunde.

Bibi Kalunde ni mjane. Alihamishwa toka kwake mwaka jana, akaambiwa ajenge hapa. Amejenga. Sasa kamba imegusa ukuta wake.

"Shikamoo Bibi," nimesema.

"Marahaba. Mwanangu, nyumba yangu imekukosea nini?"

Nami nikajibu, Mungu anisamehe, kwa sauti ya darasani: "Bibi, si mimi. Dunia nzima ni sumaku. Ina uga wake wa nguvu za kuvuta, hauonekani, lakini huu mshale unaufuata. Dunia yenyewe ndiyo inayoelekeza."

Bibi ameuliza: "Dunia inanijua mimi?"

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Alisema, "Ezueni."

Vijana wakapanda juu ya paa. Nyasi zikaanza kuanguka. Hapo dereva akatumwa akalete kamba nyingine. Nikachukua dira yangu mkononi, gari likaondoka.

Mshale ukageuka.

Nikadhani nimeishika vibaya. Nikasogea, nikatulia. Mshale ukabaki kule kule ulikogeukia, na si tofauti ndogo. Ile haikuwa kaskazini ya dunia! Ilikuwa kaskazini ya Landrova!

"Shukeni!" nimepiga kelele. "Shukeni kwenye paa! Nimekosea!"

Katibu akanijia taratibu. "Unasema dira ya serikali imekosea?"

"Dira haijakosea, ndugu Katibu. Mimi ndiye nimekosea. Chuma cha gari kiliuvuta mshale."

"Chuma cha gari!" mama mmoja akasema nyuma. "Na huyu ndiye anasomesha watoto wetu?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilivumilia. Nilijua nyumba ya Bibi itapona, na kicheko hakiezui paa. Nikapima upya, mbali na kila chuma, hata saa nikaivua. Mstari sahihi ukapita mbali kabisa na nyumba ya Bibi Kalunde. Kamba ikanyooka vizuri, ikaenda kugota kwenye duka.

Duka la Katibu.

Hakuna aliyecheka tena. Katibu aliitazama kamba, akalitazama duka, halafu akaniweka mkono begani kwa upole.

"Mwalimu, jua limekuchosha. Mstari wa kwanza ulipimwa juu ya gari la serikali. Huo ndio mstari."

"Lakini si kaskazini!"

"Itakuwa," akasema.

Nimebisha. Nimechora mavumbini. Nimetaja nguvu, ncha, mistari ya uga. Nilipoinua kichwa, paa halikuwepo na ukuta ulikuwa unaanza kuanguka.

Bibi Kalunde alikuwa amekaa juu ya kinu chake. "Kwa hiyo mwanangu," ameniuliza, "dunia imebadili mawazo?"

Akanyanyuka, akaenda kwenye kifusi, akaonyesha mlango. Wa mninga, mbao nzima, alioutengeneza marehemu mumewe.

"Hawa vijana watauvunja. Beba wewe."

Nimeubeba. Kichwani, ndani ya suti, toka mwanzo wa kijiji hadi mwisho alikopewa kiwanja kingine, yeye akitangulia na watu wakisimama pembeni kama wanatazama harusi.

Msinicheke, ndugu zangu. Sumaku ya dunia inapotoshwa na tairi la akiba. Mvutano wa dunia hauna mchezo huo: mlango ule umenivuta chini njia nzima, sawasawa kama vitabu vinavyosema.