Ukoo Mpya wa Mashine ya Alizeti

Jumatatu, 16 Juni
Afisa kazi katua kutoka Singida mjini. Bi Febronia, miwani na faili. Eti sheria za kazi zimerekebishwa, kila niliyemwajiri awe na mkataba wa maandishi. Mkataba! Mimi Mselemu nakamua alizeti hapa Misigiri mwaka wa kumi na mbili, kwa mdomo tu. Ng'ambo ya barabara, Tanvir mwenye mashine kama yangu kasaini papo hapo. Mwoga. Nimempa Bi Febronia mpaka kesho. Au yeye ndiye aliyenipa.

Jumanne, 17 Juni
Nimepata! Sheria ni ya waajiriwa, na ndugu si mwajiriwa. Nimemwambia Bi Febronia hapa hakuna kibarua, ni familia inasaidiana. Theodora, fundi wa mashine, ni binti wa dada yangu. Alute, mbeba magunia, ni mtoto wa kaka yangu, Mzee Mazengo wa Ulemo. Wenzao nao ni ndugu wa mbali. Akauliza imekuwaje mimi Mwislamu na kaka yangu mzee wa kanisa. Nikamjibu kwetu tumechanganyika. Akataka niandike, nisaini, nibandike ukutani. Nimebandika kwa mkono wangu. Theodora kasoma, kanipa shikamoo mjomba bila hata kutabasamu. Simwamini.

Alhamisi, 19 Juni
Msimu umepamba moto, magunia mpaka mlangoni. Mzee Mazengo, baba mzazi wa Alute, kafariki alfajiri. Masikini, sijawahi kumtia machoni. Nikampa Alute pole na ruhusa ya siku moja. Theodora akazima mashine! Akasema hajaona watu wakikamua mafuta na kaka wa tajiri hajazikwa, tena yeye mwenyewe kafiwa na mjomba. Wote wakapanda Fuso. Fuso langu. Nami ndani, maana ukutani nimeandika kaka.

Jumamosi, 21 Juni
Bado Ulemo. Shangazi wa mjane, bibi mkali aliyeshaambiwa na Theodora kuwa mimi ni kaka, kaniuliza mbele ya watu nilikuwa wapi miaka yote kaka yangu akiumwa. Msiba mzima ukanigeukia. Nikasema kazi. Wakaguna. Halafu Alute akaniangukia begani akilia, akaniita baba mdogo. Niliumia kweli, machozi yakanitoka. Ndipo Theodora akaninong'oneza kwamba kwa mkataba angepata likizo Alute peke yake, siku nne, na wengine tungekuwa kazini. Machozi yakakauka.

Jumatatu, 23 Juni
Tumerudi. Hakuna gunia hata moja! Wateja wamehamisha alizeti yote kwa Tanvir, foleni imefika barabarani. Theodora kanieleza kwa heshima zote kwamba Tanvir anamtaka na mkataba uko tayari. Nikisaini wa kwangu kabla ya kesho saa nne, atabaki. Bila Theodora ile mashine ni chuma chakavu, hilo nalijua. Roho inaniuma.

Jumanne, 24 Juni
Saa tatu. Kalamu mkononi. Sisaini ng'o! Kosa langu lilikuwa kuchagua undugu. Ndugu wanakufa. Nimebandika karatasi nyingine: kuanzia leo Theodora, Alute na wenzao wote ni wabia wangu, wenye mashine sawasawa na mimi. Mwenye mashine atamdai nani mkataba? Bi Febronia aje na miwani yake! Theodora kasoma mara mbili, kasaini haraka kuliko nilivyotegemea, kisha wenzake wote. Ameitisha kikao cha wabia saa nane, kuchagua msimamizi kwa kura. Nimekubali bila wasiwasi. Nimeshavaa koti. Watamchagua nani mwingine?