Miche Iliyonukia Kupita Kiasi

Jumatatu, 3 Juni
Bosi wa kituo chetu cha utafiti atateua msimamizi wa banda jipya la miche. Ni mimi au Kidevu, mwenzangu wa meza ya pili. Tumegawiwa miche ya msonobari. Yangu napulizia homoni, ile ambayo mmea hujitengenezea ukitafunwa na wadudu, ili utoe harufu ya kuwafukuza. Kidevu anapulizia maji matupu, kwa kulinganisha. Yangu inatakiwa inukie zaidi. Ushindi nimewekewa kiganjani.

Jumanne, 4 Juni
Nimenusa miche siku nzima. Inanukia kinyonge. Nakaa, nasimama, nanusa tena. Kidevu kaniuliza kama nina mafua.

Jumatano, 5 Juni
Mvumilivu hula mbivu, ila bosi anapima harufu Ijumaa. Kidevu alipokwenda kula, nikaimiminia miche yangu chupa yote ya homoni. Nikafunga madirisha, harufu isitoroke.

Alhamisi, 6 Juni
Banda zima linanukia kama karakana ya seremala. Nimefika nyumbani kifua mbele. Mama mkwe kauliza nani amefariki, maana nanuka jeneza jipya.

Ijumaa, 7 Juni
Bosi kaja na mashine ya kupima harufu. Miche yangu, kali. Ya Kidevu, kali vilevile. Na ni ya maji! Bosi kaeleza kwamba homoni hii huruka hewani kama mvuke. Ukizidisha na kufunga madirisha, miche jirani huivuta, nayo huanza kunukia. Jaribio zima limeharibika.
Akauliza nani kafunga madirisha. Nikamtazama Kidevu.
"Mimi nilikuwa nakula, bosi," akasema kwa upole.
Bosi akainama chini ya meza yangu, akaibuka na chupa. "Hii ilikuwa ya mwezi mzima, ndugu yangu."
Nikasema labda imevuja.

Jumamosi, 8 Juni
Miche yangu imedumaa, majani yamegeuka manjano. Banda jipya kapewa Kidevu. Kaniombea kwa bosi nisifukuzwe, niwe msaidizi wake. Nimeshukuru hadi nikakaribia kulia.

Jumapili, 9 Juni
Nazunguka sebuleni, mke wangu kasema nitatoboa sakafu. Nimejichunguza kwa dhati na kosa nimelijua: chupa tupu haiachwi chini ya meza. Kidevu, kwa roho yake nyeupe, kaniachia ufunguo wa kabati la dawa. Humo mna homoni nyingine, ya kurefusha mashina. Miche yake ni mizuri, lakini mifupi. Kesho nitamtangulia kazini, na chupa tupu nitarudi nayo nyumbani.